Bobby Bonilla na mshahara wa Julai Mosi

Nimeadimika kidogo, ni mambo ya mitihani tu, si mengine. Leo sitaandika habari za msosi wa kafeteria wala foleni ya maji hosteli. Leo naandika habari za mzee mmoja wa Marekani anayeitwa Bobby Bonilla, mchezaji mstaafu wa besiboli. Najua wengi wenu hamumjui, maana mchezo wenyewe huku kwetu tunauona kwenye sinema tu. Mimi mwenyewe sheria zake nazijua nusu nusu. Lakini hesabu za huyu bwana nimezifanya kwa kalamu na karatasi, na ndani yake kuna jambo linalomhusu kila mtu anayesubiri mshahara, boom au kiinua mgongo.

Habari yenyewe kwa kifupi ni hii. Kila tarehe 1 Julai klabu ya New York Mets inamlipa Bonilla dola 1,193,248 na senti 20. Sasa sikia: mara ya mwisho kuichezea Mets ilikuwa 1999, na besiboli yenyewe aliiacha 2001. Malipo haya yalianza 2011 na yataisha 2035, akiwa na miaka 72. Mashabiki wa Marekani wameshaigeuza tarehe hiyo kuwa kama sikukuu, wanaiita Siku ya Bobby Bonilla, na kila mwaka wanaicheka Mets.

Nilipowasimulia wenzangu hapa hosteli, nao kicheko kilikuwa hicho hicho. Mmoja akasema, "Hao jamaa wameliwa!" Mwingine akasema mzee kapiga bingo. Mimi nasema hakuna aliyeliwa, na bingo haipo. Kaeni tuichambue polepole.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Bonilla alizaliwa Februari 1963 kule Bronx, New York, mtaa usiokuwa na sifa ya watoto wa kishua. Alipomaliza sekondari 1981 hakuna klabu kubwa iliyomchagua kwenye mgao wa wachezaji chipukizi. Pittsburgh Pirates wakamsajili hivyo hivyo, kama mtu asiyegombewa. Akasota kwenye ligi za chini miaka kadhaa, mpaka 1986 ndipo akaanza kucheza ligi kuu, akianzia Chicago White Sox na kurudi Pirates mwaka huo huo.

Kuanzia hapo jamaa akawaka. Aliitwa mara 6 kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Mpaka anastaafu alikuwa amepiga mipira 287 iliyovuka uzio wa uwanja, ambayo kwenye besiboli ndiyo pigo tamu kuliko yote. Mwaka 1997 alichukua ubingwa wa World Series akiwa na Florida Marlins. Kwa hiyo msije mkadhani ni mchezaji wa benchi aliyeotea. Alikuwa mtu wa kazi.

Na hela aliipata mapema. Desemba 1991 Mets walimsajili kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 29. Wakati ule hapakuwa na mchezaji wa timu yoyote ya michezo aliyekuwa na mkataba mnene kama huo. Shikeni hapo, maana huko mbele tutarudi.

Baadaye alizunguka timu kadhaa, na mwishoni mwa 1998 akarejea Mets. Msimu wa 1999 ukawa mbaya sana kwake. Alicheza mechi 60 tu, na wastani wake wa kupiga ukawa .160. Kwa wasioujua mchezo: kila alipokwenda kupiga mara 100, alifanikiwa kama mara 16 hivi. Mchezaji wa kawaida anakaribia mara 25 au 26. Umri ulikuwa umekwenda, mwili umechoka, na uongozi haukumtaka tena.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Besiboli ya Marekani si kama kazi za kwetu za kuambiwa "usije kesho" halafu basi. Mkataba ukishasainiwa, klabu ikikuacha bado inatakiwa ikulipe. Bonilla alikuwa amebakiza mwaka mmoja wenye thamani ya dola milioni 5.9. Mets walitaka aondoke, lakini wangemlipa milioni 5.9 akae nyumbani, na nafasi yake wangelazimika kumlipa mtu mwingine.

Ndipo wakala wake, Dennis Gilbert, ambaye pia alikuwa mtu wa biashara ya bima, akakaa mezani na Mets. Januari 2000 wakakubaliana hivi: Bonilla hatachukua hata senti moja ya ile milioni 5.9 kwa sasa. Atasubiri mpaka 2011. Katika kusubiri huko, pesa yake itahesabiwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Halafu atalipwa kidogo kidogo kwa miaka 25.

Sasa hesabu. Walimu wenzangu wa hisabati mnisahihishe, ila hata darasa la kidato cha nne hii wanaiweza. Chukua 5.9, zidisha kwa 1.08. Jibu lizidishe tena kwa 1.08. Fanya hivyo mara 11. Utapata kama milioni 13.76. Hilo ndilo lilikuwa deni la Mets kufika 2011, kabla hajalipwa chochote.

Toa malipo ya kwanza, zinabaki kama milioni 12.56. Ziache mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 8, zinazaa kama milioni 1 na kitu kidogo. Bonilla akija Julai kuchukua milioni yake 1.19, sehemu kubwa ya hela hiyo ni riba ya mwaka huo tu. Deni lenyewe limepungua kwa kama dola 188,000. Ndiyo maana linachukua miaka 25 kuisha, na ndiyo maana jumla ya malipo yote inafika kama dola milioni 29.8.

Kwa hiyo hakuna uchawi. Aliyekopeshwa hapo ni Mets, na aliyekopesha ni Bonilla. Mtu anayekopesha milioni 5.9 kwa riba ya asilimia 8 kwa muda mrefu hivyo, hicho ndicho anachopata. Sisi tunaona milioni 29.8 tunapiga kelele, lakini tunasahau miaka iliyo katikati. Na tukumbuke dola ya 2035 haitanunua kile ilichonunua dola ya 2000.

Mtaniuliza, Mets walikubali vipi? Kwanza, mwanzoni mwa 2000 riba ya asilimia 8 haikuwa ya ajabu. Benki kubwa za Marekani zilikuwa zinawakopesha wateja wao wazuri kwa asilimia 8.5. Pili, waliokoa milioni 5.9 wakaweza kupanga timu, na mwaka huo huo wa 2000 Mets walifika fainali ya World Series, wakafungwa na majirani zao wa Yankees.

Tatu, na hili ndilo lenye uchungu, wamiliki wa Mets wa wakati ule walikuwa na fedha zao kwa bwana mmoja aitwaye Bernard Madoff. Kwenye makaratasi fedha hizo zilikuwa zinazaa zaidi ya asilimia 8, tena bila kuyumba. Ukiwa na mahali pa kupata zaidi ya unachomlipa Bonilla, kumcheleweshea ni faida kwako. Tatizo ni kwamba Desemba 2008 Madoff alikamatwa, na dunia ikajua kwamba faida zake zilikuwa hewa. Alikuwa anachukua hela za hawa anawapa wale. Ni upatu tu uliovaa suti. Wamiliki wa Mets nao wakaburuzwa mahakamani na msimamizi wa kufuatilia fedha za waliotapeliwa, na 2012 wakakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 162.

Sasa hebu linganisheni. Klabu ilifuata faida tamu isiyoeleweka inatoka wapi. Mchezaji akafuata asilimia 8 iliyoandikwa kwenye mkataba. Nani alikuwa na hesabu nzuri hapo? Na kama Bonilla angezichukua Januari 2000 akanunua hisa za makampuni makubwa ya Marekani, mwanzoni mwa 2009 angekuta bei za hisa ziko chini kuliko alikoanzia. Miaka tisa imepita, na kasimama nyuma ya mstari. Kwa asilimia 8, miaka tisa inatosha hela kujizidisha mara mbili.

Ila kilichonigusa si akili ya riba. Ni kwamba alikuwa na miaka 36, na alijua kazi yake inaisha. Mchezaji anapata mshahara wa maisha yote ndani ya miaka 15 hivi, halafu mlango unafungwa akiwa kijana bado. Kutoka pale mpaka uzeeni kuna miaka 30 au 40 ya kula, kulipa bili na kusaidia ndugu. Bonilla na wakala wake waliichukua hela ya mwaka mmoja wakaigeuza kuwa mshahara wa miaka 25. Na si huo peke yake, ana malipo mengine ya dola 500,000 kwa mwaka yaliyoanza 2004, nayo ni ya miaka 25.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Jack Clark alikuwa mpigaji hodari, na alikuwa na mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 8.7 na Boston Red Sox. Julai 1992 akatangaza mahakamani kwamba amefilisika, tena akiwa bado mchezaji! Alikuwa na magari 18, na alikuwa amezama kwenye biashara ya mashindano ya magari ya mbio. Ni miezi michache tu baada ya Bonilla kusaini ile milioni 29.

Mwingine ni Curt Schilling, mrushaji mpira aliyechukua ubingwa mara tatu, 2001, 2004 na 2007. Aliweka hela zake kwenye kampuni yake ya kutengeneza michezo ya kompyuta, 38 Studios. Jimbo la Rhode Island likaidhamini kwa mkopo wa dola milioni 75. Mwaka 2012 kampuni ikaanguka, na mwenyewe akasema amepoteza kama dola milioni 50. Huyu hakuwa mlevi wala mpenda anasa. Alikuwa na wazo na akaliamini, ila aliweka mayai yote kwenye kapu moja.

Sasa niwaambie kwa nini nayaandika haya leo. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na Desemba anafikisha miaka 60. Anastaafu. Nyumbani mjadala umeshaanza, tena mkali. Kaka yangu anataka mkupuo ukija inunuliwe Hiace, yeye ataisimamia. Dada anataka mama amalizie nyumba. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma ualimu na ndiyo kazi itakayonilisha, naulizwa kila siku nasemaje.

Mnalijua suala la kikokotoo. Mwaka 2018 ilipokuja kanuni ya kumpa mstaafu asilimia 25 kwa mkupuo na nyingine zije kwa pensheni ya kila mwezi, watumishi walipiga kelele mpaka Rais Magufuli akaisitisha Desemba ya mwaka huo huo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha kuwa asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50. Ukiangalia vizuri, ugomvi wote huu ni swali lile lile la Bonilla na Mets: nipe zote sasa, au nipe kidogo kidogo mpaka nizeeke? Tofauti ni kwamba Bonilla alikaa mezani akachagua, mwalimu anasomewa kanuni.

Mwanzoni nilikuwa upande wa kidogo kidogo moja kwa moja. Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu alinunua Hiace mbili kwa mkupuo wake. Ya kwanza ilikaa gereji kuliko barabarani, ya pili iliuzwa kulipia matengenezo ya ya kwanza. Na sisi wenyewe hapa chuoni tunajijua. Boom likiingia wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku, wiki za mwisho ni pasi ndefu, mtu anakunywa chai asubuhi anaonana na wali usiku. Hela ya mkupuo ina kelele, na kila mtu anaisikia.

Basi juzi nikampigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia habari ya Bonilla yote, na riba, na Madoff, na magari 18. Akasikiliza mpaka mwisho, mwalimu ni mwalimu. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyo Bonilla wako, mwaka ule anakubali kusubiri, alikuwa na pa kulala?"

Nikanyamaza kidogo. Maana jibu ni ile milioni 29 ya 1991 niliyowaambia muishike. Bonilla aliweza kusubiri miaka 11 bila kugusa kitu kwa sababu alikuwa ameshashiba. Kusubiri kwake hakukumlaza njaa. Mama yangu amepanga miaka yote, na nyumba yake imefika kwenye linta ikasimama. Kumwambia mtu wa namna hiyo "mama, subira yavuta heri" ni rahisi kwa anayeongea. Mwalimu anayedai mkupuo mkubwa si lazima awe mtu wa tamaa. Huenda anataka bati.

Kwa hiyo mimi sitasimama hapa kuwahubiria muwe kama Bonilla. Nilichochukua kwake ni maswali matatu, na haya nimemwandikia mama kwenye karatasi, naye kayapokea.

La kwanza: nikiiacha hela hii, anayeishika ni nani, na miaka 20 ijayo atakuwepo? Bonilla alikuwa na mkataba na klabu ya ligi kubwa. Klabu ilitikiswa na Madoff, 2020 ikauzwa kwa tajiri mwingine, Steve Cohen, na malipo bado yanaendelea. Ahadi ina thamani ya yule anayeitoa.

La pili: inazaa kiasi gani, na hicho kiasi kinatoka wapi? Asilimia 8 ya mkataba unaweza kuikokotoa mwenyewe. Faida ambayo hakuna anayeweza kukueleza inavyopatikana, hata ikiletwa na mtu wa suti au na ndugu yako wa damu, ikimbie.

La tatu ni la mama mwenyewe: wakati nasubiri, nakula nini na nalala wapi?

Tulipomaliza kuongea tukafikia hivi. Mkupuo utaezeka nyumba kwanza, maana akishalala kwake pensheni ya mwezi haitakuwa na kodi ya kulipa. Pensheni ya mwezi ndiyo itakuwa Julai Mosi yake, na hiyo haiguswi na mtoto yeyote, hata mimi. Hiace kaka aitafutie mkopo wake mwenyewe, aje na makadirio yaliyoandikwa, mafuta, matairi, siku za gereji na yote. Kaka kanuna. Atanuna kidogo, yatapita.

Nanyi mnaocheka kila Julai Mosi, chekeni tu, siku ni ya furaha. Ila mkimaliza kucheka chukueni kikokotoo cha simu mzidishe 1.08 mara 11. Halafu waulizeni wazee wenu nyumbani wamepanga nini, kabla mkupuo haujaingia na wajomba hawajaanza kupiga simu.

Kesho kutwa nina mtihani wa saikolojia ya elimu na desa sijaligusa. Ngoja nikakeshe. Tuonane panapo majaliwa.